Mwaka Tulioichuja Zikri

Juma lililopita binti yangu Rehema aliingia chumbani nilimokaa eda, akaketi mkekani karibu na miguu yangu, akanionyesha simu yake. Ndani yake mna ujumbe wa sauti ambao marehemu baba yake alimtumia akiwa shambani, anamwuliza kama mvua imefika kwetu Mtendeni au imeishia njiani. Upepo unavuma juu ya maneno yake. "Mama," aliniambia, "siku hizi kuna programu inaondoa kelele. Unabonyeza tu, upepo wote umekwenda. Nikuondolee?" Nilimwambia aache. Aliniuliza kwa nini, nikamjibu kwamba nitamwandikia, kwa kuwa jambo lenyewe ni refu na mtu aliye edani ana muda. Namshukuru Mungu kwa muda huo. Wanawake wanaokuja kunihani huniombea subira, nami huitikia amina, kisha wanapoondoka narudi kwenye karatasi zangu. Sitaeleza watu wetu walitoka wapi. Katika mji huu kila mtu ama alikuja na msafara ama alikuwepo msafara ulipofika, na habari hizo zina wasimulizi wake. Nataka kueleza mwaka mmoja, kabla sijaolewa na Idrisa, tulipoketi pamoja katika karakana ya baba yake tukitafuta sauti.

Nilikuwa mwalimu mpya wa hisabati katika shule moja ya sekondari hapa Tabora. Idrisa alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka ng'ambo, alikosomea uhandisi wa mawasiliano. Baba yake, Mzee Ramadhani, fundi seremala, alifariki mwanawe akiwa huko, na telegramu ilipomfikia maiti ilikuwa imekwishazikwa na hitima imekwishasomwa. Alirudi kwa treni na kompyuta yake mwenyewe, ameizungushia blanketi, ameipakata toka Dar es Salaam kama mtu anayesafiri na mgonjwa. Mama yake, Bi Mwajuma, hakuwa na mahali pa kuiweka ila karakana ya marehemu, chumba cha uani chenye mlango mpana, na ikawekwa pale juu ya meza ya kurandia, kati ya vipande vya mninga ambavyo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuvitoa. Juu yake alitandika kitambaa alichokifuma mwenyewe, cha maua ya njano, ili vumbi la mbao lisiingie. Hata leo nikinusa mninga uliorandwa karibuni nausikia kwanza mlio wa kompyuta ile ikiamka.

Alinijia shuleni mchana mmoja, amevaa shati la mikono mirefu kama mtu aliyeitwa ofisini. "Nimeambiwa wewe unajua polinomia," alisema. Nikamwambia nazifundisha, kuzijua ni jambo jingine. Alicheka kidogo, akanieleza shida yake pale pale chini ya baraza la madarasa, wanafunzi wakipita na kutuchungulia. Picha za baba yake zilikuwepo. Sauti haikuwepo. Kilichokuwepo ni kaseti moja, iliyorekodiwa na kijana wa jirani katika zikri ya jioni ya Alhamisi, redio ikiwa imewekwa karibu na shehe. Juu kabisa ilisikika sauti ya shehe anayeongoza, kisha dufu, kisha mvumo wa kaseti yenyewe, na chini ya vyote hivyo wanaume wanaoitikia. "Mama anasema baba yumo humo," Idrisa aliniambia. "Uso wake naukumbuka. Sauti imenitoka. Nataka niisikie mara moja tu, nimwitikie." Alilitamka neno hilo la mwisho akitazama pembeni. Nilifahamu kwamba anazungumzia ule mwito wa telegramu aliochelewa kuuitikia.

Basi nikawa naenda kwao baada ya vipindi. Mlango wa karakana uliachwa wazi, na Bi Mwajuma aliketi kizingitini akibambua karanga, kwa kuwa adabu ilitaka hivyo na kwa kuwa alitaka kusikia. Tulikunywa chai na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa, na siku ambazo mpwa wake alikuja kutoka Usinge tuliila na asali, nyeusi, yenye ladha ya moshi. Umeme ulikatika mara nyingi, na ulipokatika hatukuondoka. Tuliendelea kwa penseli juu ya karatasi, na karatasi zilipokwisha, juu ya ubao wa mninga, kwa penseli nene ya seremala ya marehemu mwenyewe.

Kazi yenyewe nitaieleza kama nilivyomweleza Bi Mwajuma. Kompyuta huipima sauti maelfu ya mara kwa kila sekunde, na kila kipimo ni namba. Chujio nalo ni msururu wa namba nyingine. Unachukua kila kipimo pamoja na jirani zake, unazidisha kila kimoja kwa namba yake ya chujio, unajumlisha, na jumla hiyo ndiyo sauti mpya. Ukizichagua namba hizo vizuri, sauti nyembamba zinabaki nje na nene zinapita, au kinyume chake. Idrisa alitaka mlango: sauti za unene wa baba yake ziingie, nyingine zote zizuiwe, na ukingo wa mlango uwe wima kama miimo aliyoitengeneza baba yake. Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia kwamba mlango kama huo haupo. Ili upate ukingo ulio wima kabisa unahitaji namba zisizo na mwisho. Ukizikata mahali popote, mchoro unavimba pale pale pembeni mwa ukingo, na hata ukiongeza namba nyingi kiasi gani kivimbe hakipungui kimo, kinazidi tu kuwa chembamba na kuusogelea ukingo. Unaweza kuzipunguza namba za mwishoni taratibu hadi zififie, na kivimbe kitalala, lakini ukingo wako nao utalala, utakuwa mteremko, na kwenye mteremko huo vitapita usivyovitaka.

"Hesabu gani hizo hazina jibu?" Bi Mwajuma aliuliza.

"Zina jibu, Mama, ila ni la makadirio."

"La makadirio ndiyo lipi?"

"La karibu."

"Karibu na nini, mwalimu, ikiwa hilo lenyewe hamjaliona?"

Idrisa aliinama juu ya meza akijizuia kucheka. Nilimwambia tunalijua lilipo, ila hatuwezi kufika. Bi Mwajuma alipepeta karanga zake, maganda yakaruka uani, akasema hata Makka wengi wanaijua ilipo.

Jirani yao, Bi Tatu, alikuwa na kawaida ya kuja kuomba moto na kukaa mpaka jioni. Yeye alilisikia neno makadirio kutoka upande wa pili wa ukuta na akalipokea kwa namna yake. Siku moja tulimsikia uani, akidhani ananong'ona. "Nimewasikia kwa masikio yangu, Mwajuma. Wanatafuta kadari kwenye ile runinga. Wanampigia ramli marehemu."

"Makadirio, Tatu. Ni hesabu."

"Si ndiyo hayo hayo? Ramli nayo ni hesabu."

"Basi kama ni ramli, ni ramli mbovu," alisema Bi Mwajuma. "Tangu masika haijasema kitu."

Neno lile lilitembea. Sokoni mama mmoja aliniuliza, kwa heshima kabisa, kama naweza kumtazamia mwanawe aliyepotelea migodini. Nilirudi nyumbani nimekasirika, kisha usiku nilipoketi na msahafu hasira zikanitoka, kwa sababu Bi Tatu hakukosea sana. Maneno hayo mawili, kadari na makadirio, yametoka tumbo moja. Tumefundishwa kwamba kila kitu kimeumbwa kwa kadiri, na kadiri hiyo mwenye kuijua ni Mmoja. Sisi tuliobaki tunakadiria. Nimeishi na jambo hilo tangu ujana wangu, na miezi hii ya eda nimelirudia mara nyingi, pengine kuliko ilivyo faida kwangu.

Mwishoni tulichagua njia ya tatu, ambayo naipenda hadi leo. Hulazimishi kosa liishe, maana haliishi. Unalitawanya. Unaweka alama mahali kadhaa kwenye mchoro, unatafuta mlingano unaozifaa, unatazama kosa limevimba zaidi wapi, unazihamishia alama zako hapo, unaanza upya. Unarudia hivyo, kila mara kivimbe kikubwa kikipungua na vidogo vikiinuka kumpokea mwenzao mzigo, mpaka vyote vinakuwa na kimo kimoja. Hapo ndipo kosa kubwa limekuwa dogo kadiri linavyoweza kuwa, na huwezi tena kulipunguza huku bila kuliongeza kule. Mara ya kwanza mchoro ulipotulia hivyo kwenye kioo nilimwambia Idrisa, "Hii ni aul." Alikuwa amesahau masomo ya madrasa, ikabidi nimkumbushe. Katika mirathi kuna wakati mafungu ya warithi, yakijumlishwa, yanazidi kile kilichoachwa. Mke akifa akaacha mume na dada wawili wa baba na mama, mume ana nusu, dada wana thuluthi mbili, na nusu na thuluthi mbili hazienei katika kitu kimoja. Wanavyuoni hawakumnyima mmoja ili wengine watimiziwe. Walilipunguza fungu la kila mmoja kwa uwiano ule ule. Idrisa aliutazama ule mstari unaopanda na kushuka sawasawa. "Kwa hiyo kila mmoja anakosa kidogo," alisema. Nilimwambia ndiyo, na kwamba hiyo ndiyo haki yenyewe. Nilikuwa kijana. Niliamini kwamba mtu akielezwa haki ya jambo, anatulia.

Shida iliyobaki ilikuwa mlango uwekwe wapi. Hakuna aliyejua kwa namba sauti ya Mzee Ramadhani ilikuwa nene kiasi gani. Bi Mwajuma alijaribu kuiiga, akajishika kifua, akasema "Mwajuma, maji," kisha akarudia karanga zake. Idrisa ndiye aliyepata wazo la kutumia sauti yake mwenyewe, kwa kuwa watu wote walisema amerithi ya baba yake. "Kuongea huongei kama yeye," mama yake alimwambia. "Lakini ukikohoa alfajiri unanitisha." Basi alijirekodi akikohoa, akisoma, akihesabu mbao zilizoegemezwa ukutani, na mimi nikaisikiliza sauti ile siku baada ya siku hadi nikaijua kuliko ninavyozijua sauti za ndugu zangu. Tulipima sehemu yake iliyo nene, tukauweka mlango hapo.

Tulipoipitisha kaseti, chujio lilifanya kazi. Mvumo ulikwenda. Dufu lilibaki kama hatua za mtu nyumba ya pili. Sauti ya shehe ilififia hadi ikawa kama iko nyuma ya pazia. Wale wanaume wakaja mbele, pumzi zao nzito zikipanda na kushuka kwa Jina lile moja, na walikuwa kitu kimoja. Idrisa alisikiliza hadi mwisho, akarudisha mwanzo, akasikiliza tena. Hakumsikia mtu. Nilimweleza kwamba chujio hutenganisha vilivyo mbalimbali, nene na nyembamba, lakini wanaume wanaoitikia kwa sauti moja wamo wote katika mlango mmoja. Alisema basi tuufanye mlango kuwa mwembamba zaidi. Tukaufanya. Akasema zaidi. Majuma yalipita hivyo. Alikonda. Bi Mwajuma alikuwa akileta chakula, ugali na kisamvu, anakiweka juu ya mbao, na jioni anakichukua kimepoa na kimefanya ngozi.

Kisha alasiri moja nilifika nikamkuta amesimama. Hakunisalimu. Alinivutia kiti, akabonyeza. Katika spika ikatoka sauti moja peke yake, nene, ndefu, inayotetemeka kidogo, inaanza na kufifia, inaanza na kufifia. Haikuwa na neno, lakini ilikuwa ya mtu mmoja. Idrisa alikuwa analia bila kujificha. "Mama," aliita. "Mama, njoo umsikie."

Bi Mwajuma aliingia akijifuta mikono kwa kanga. Aliinamisha kichwa, akasikiliza. Mwanawe alimtazama usoni kama mtoto anayengoja kuruhusiwa. "Ndiye?" alimwuliza.

"Huenda," alisema Bi Mwajuma taratibu. "Huenda akawa ndiye, baba."

Mimi nilijua kwamba si yeye. Mlango ukiwa mwembamba kupita kiasi, chujio lenyewe huanza kuvuma. Chochote kinachoingia, hata kishindo, hutoka kikiwa mvumo ule ule, kama kengele ambayo haijali imegongwa na nani. Sikutaka kulisema hilo. Nilitazama uso wa mama na uso wa mwana, nikamwomba Mungu anipe neno lisiloumiza, na sikulipata. Nikamwambia tu, "Idrisa, gonga meza."

Alinielewa pale pale. Alikuwa mhandisi, alijua kuliko mimi, na nadhani alikuwa amejua tangu asubuhi. Alisimama muda mrefu mkono wake ukiwa juu ya ule ubao. Kisha alisogeza kipaza sauti, akagonga meza ya kurandia ya baba yake kwa kifundo cha kidole, akazirekodi zile ngo ngo, akazipitisha katika chujio. Ikatoka sauti ile ile. Nene, ndefu, inatetemeka kidogo, inafifia. Aligonga tena, kwa nguvu zaidi, na baba yake akatoka tena katika mbao. Alizima kompyuta. Ukimya uliofuata sijausikia tena maishani mwangu hadi mwaka huu, walipotoka na jeneza nami nikabaki na wanawake ndani.

Bi Mwajuma aliketi juu ya kigogo cha mninga. "Ulikuwa mdogo," alimwambia mwanawe, "na baadaye ukawa hukai nyumbani. Hukumjua baba yako kwenye zikri. Alikuwa anakaa safu ya nyuma, karibu na viatu. Siku moja nilimwuliza, mbona mimi na wenzangu tuko huku barazani, kila mke anamsikia mumewe, mimi sikusikii? Akanambia, nikijisikia nimetoka juu ya wenzangu, nashusha. Nikiwa bado najisikia, nashusha tena. Akasema ukiwa humo bado unaisikia sauti yako, hujaingia." Alikunja kanga yake magotini, akaikunjua. "Sasa wewe umekuja kumtoa. Mwaka mzima unamvuta mkono. Mtu mwenyewe hakutaka kutoka."

"Mbona hukuniambia mapema, Mama?"

"Ulikuwa unakaa nyumbani," alisema. "Na mimi nilikuwa nimekaa peke yangu muda mrefu."

Idrisa alikichukua kile kitambaa cha maua ya njano, akaifunika kompyuta, akanyoosha pembe zake vizuri. Nilitoka bila kuaga, kwa kuwa yale hayakuwa yangu kuyasikia, ingawa nimeyabeba tangu siku hiyo. Miaka yote tuliyoishi pamoja baadaye, kwa wema ambao siwezi kuulipa, hatukuizungumzia alasiri ile hata mara moja. Alifanya kazi yake ya simu, alizeeka, alilima huko shambani, na alikohoa alfajiri kila siku ya Mungu. Rehema, mimi sina haja ya kutafuta sauti yake. Ninayo yote, hadi ile ya kusafisha koo kabla ya kukukemea. Na bado alfajiri huwa nimeamka, nimekaa kitandani, nangoja. Chujio lako litaondoa upepo, najua, litafanya vizuri kuliko letu. Lakini upepo ule ulikuwa unampiga yeye. Alikuwa amesimama humo.

Alhamisi iliyofuata alasiri ile ya karakana, baada ya magharibi, Bi Mwajuma alinipitia nyumbani. Alikuwa amevaa buibui lake jipya. Tulikwenda pamoja kwenye zikri, tukaketi barazani na wanawake wengine, na Bi Tatu akatusogezea mkeka, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ile runinga imekwishasema. Nilimwambia imesema. Kupitia mlango nilimwona Idrisa anaingia. Alikuwa hajakanyaga pale tangu arudi kutoka ng'ambo. Alivua viatu, akatazama huku na huku, akajipenyeza safu ya nyuma kati ya mzee mmoja na fundi baiskeli, wakampisha bila kumtazama.

Zikri ilianza polepole, kama inavyoanza. Mwanzoni nilimsikia. Sauti yake ilikuwa juu kidogo ya wengine, ina aibu, inachelewa nusu pumzi, nami niliijua kila unene wake, nilikuwa nimeipima. Kisha ikashuka. Dufu liliongeza mwendo, pumzi zikawa nzito, safu zikaanza kuyumba pamoja, na nilipoitafuta tena haikuwepo. Nilifumba macho. Nilisikiliza upande wa nyuma, kisha upande wa nguzo, kisha wote kwa pamoja, kwa uangalifu wote niliojifunza mwaka ule. Sikuipata. Bi Mwajuma alikuwa amenishika mkono, mkono wake ni wa baridi, machozi yanamtiririka na hayafuti.

"Unamsikia, Mama?" nilimwuliza.

"Nawasikia," alisema.